Nyuzi Zilizopakwa Samli

Vijana wa magitaa wanapita kwangu hapa Miyuji. Wanakaa, wanakunywa togwa yangu, halafu wananiuliza swali lile lile: "Babu, mtu anayepiga kila wiki abadili nyuzi baada ya muda gani?" Nawajibu kwa mkato: kabla watu hawajajua kwamba zimechoka. Hawalipendi jibu hilo. Wanataka niwaambie mwezi mmoja au miwili, kama daktari anavyosema kumeza vidonge. Wakiondoka najua wanasema mzee yule ana roho ngumu. Ni kweli ninayo. Sababu ninayo pia, na leo naiandika nisije nikaulizwa tena.

Mimi sikusoma. Nilikaa kwa wamisheni kiangazi kimoja, nikazijua herufi, mvua ilipoanza nikarudi kulima. Kuandika nimejifundisha mwenyewe ukubwani, na nyumba hii ninayoandikia nimeijenga kwa mikono hii. Basi anisomaye asinitafutie maneno ya mapambo.

Wakati wa Mdachi gitaa hatukulijua. Tulikuwa na zeze: kibuyu, ngozi, mti wa shingo, nyuzi mbili, na uta wa kuzisugulia. Nyuzi zenyewe zilikuwa kano za mgongo wa ng'ombe. Aliyenifundisha ni mjomba wangu, kaka wa mama, na hakunifundisha peke yangu. Alitufundisha wawili, mimi na mwanawe wa kumzaa. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, nimebaki mimi na mama na shamba la uwele na tembe letu, umbali wa kusikia mbwa wa mjomba akibweka. Huyo binamu yangu na mimi tulikua kama pacha. Tulipiga pamoja, yeye zeze la sauti ya juu, mimi la chini, na watu wakatuita mahali pengi. Harusini, kwenye jando, kwenye mavuno, hata kwa Warangi wa milimani upande wa Busi tulipata kuitwa, ingawa huko waliwasikiliza zaidi watu wao.

Mjomba alikuwa mkali juu ya nyuzi kuliko juu ya wimbo. Ng'ombe akichinjwa popote, alituma tuombe kano ya mgongo kabla nyama haijagawanywa. Kano huanikwa kivulini; ukiianika juani inakatika kama ukuti. Ikikauka unaichambua kwa kucha nyuzi nyembamba nyembamba, unazitia mdomoni mpaka zilainike, unazisokota pajani, halafu unazitundika na jiwe zivutike. Uzi ambao haujavutika hauaminiki. Utaukaza asubuhi, saa ya watu kucheza umelegea, nawe unakaza huku unaimba, unaonekana mjinga. Ndiyo maana mjomba alituamuru tubadili siku kadhaa kabla ya kila ngoma ya maana, tupige nyumbani mpaka uzi utulie. Na tulipotoka tulibeba nyuzi za akiba, zimekwisha vutika, zimezungushwa kijitini na kufunikwa na ngozi. Kiangazi chetu kina upepo unaokausha kano mpaka inapasuka yenyewe ukutani bila kuguswa. Bahi, mwaka ambao maji yamejaa, ni kinyume chake: tuliwahi kupiga kwenye harusi ya wavuvi kule, unyevu ukazilegeza nyuzi zote nne, tukarudi tumechekwa. Mjomba alituchapa wote wawili, na tulikuwa watu wazima wenye ndevu.

"Mtu akikuita, amekuitia sauti," alisema. "Hakukuitia kibuyu. Kibuyu anacho kwake."

Alipofariki tuliendelea wenyewe. Hapo ndipo ilipokuja kazi ya reli.

Sitaeleza reli yote, wengine wameieleza. Mdachi alikuwa akiileta kutoka pwani, na ilipokaribia kwetu alitaka watu wa kuchimba udongo, kuinua tuta, kubeba mataruma. Akida alimwambia jumbe alete watu, na jumbe aliwatoa kutoka katika kaya zetu. Aliyekwenda alikwenda. Wengine walirudi wamekonda, wengine walirudisha habari tu. Na watu walichukuliwa wakati gani? Mvua ikinukia. Wakati ule ule ambao mtu akikosekana shambani kwa mwezi mmoja, mwaka mzima hakuna chakula. Kwetu mvua haimngojei mtu. Ukikosa kupanda umekosa.

Mimi nilikuwa mwana wa pekee. Mama alikuwa bado ana nguvu za kupalilia, lakini si za kulima lile shamba peke yake, na ndugu wa baba walikuwa wamehama na ng'ombe. Nikichukuliwa, mama anabaki na jembe na ardhi ngumu. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Lilikuwa wazi hata kwa jumbe.

Jumbe naye alikuwa na jambo lake. Alitaka mpiga zeze wa nyumbani, wa kumpokelea wageni na kumsifu mbele ya akida, kama alivyosikia watemi wa zamani walivyokuwa nao. Akatangaza kwamba siku ya karamu ya kuombea mvua, akida akiwapo, atamchagua mmoja. Huyo hatakwenda reli. Atalima kwake na atapiga kwa jumbe. Watu wakasema, basi kuna shida gani, wapigaji wenyewe ni wale wawili, awachukue wote. Jumbe akasema akida amekwisha mpunguzia watu wa kubaki, na wa zeze ni mmoja tu.

Binamu yangu alikuja kwangu jioni ile, tukakaa nje.

"Kwa hiyo sasa tunashindana," alisema.

"Tunashindana," nilimjibu.

"Sauti yangu ndiyo inayosikika, ya juu. Unajua."

"Na ya kwangu ndiyo watu wanayochezea. Unajua."

Tulicheka. Nasema kweli, tulicheka. Aliniambia, "Akichaguliwa yeyote, tumbo la shangazi yangu halitalala njaa." Shangazi yake ni mama yangu. Nilimshukuru kwa neno hilo. Leo nikilikumbuka nalitemea mate, ingawa, kama mtakavyoona, halikuwa neno la uongo.

Nilitengeneza nyuzi zangu kama nilivyofundishwa. Nilizifunga mapema, nikazipiga nyumbani mpaka zikatulia, nikaweka jozi ya akiba. Siku moja kabla ya karamu binamu yangu akaja mbio, jasho linamtoka, uzi wake mmoja mkononi umekatika.

"Ndugu yangu, nimekwisha. Huu umekatika, na ule mwingine nauona umeanza kuchambuka. Nitampigia nini akida, makofi?"

"Za akiba zako?"

"Panya."

Kwetu panya hula kano, si jambo la ajabu. Nikampa jozi yangu ya akiba. Mwanafunzi mwenzako akikuomba uzi, unampa. Ndivyo mjomba alivyotulea, na aliyelelewa hivyo pamoja nami alikuwa ni yeye. Alijua nitampa. Alinikumbatia, akaenda zake.

Karamu ilikuwa ya watu wengi. Ng'ombe wamechinjwa, pombe imeiva, wanawake wamejipaka na kupendeza. Akida alikuwa mtu wa pwani, amevaa kanzu safi, amekalia kiti, askari wawili nyuma yake na bunduki. Jumbe kando yake, amevaa koti zito katika joto lile kwa sababu alipewa na Mdachi. Sisi wawili tukasimama upande, kila mmoja na zeze lake.

Sasa iko desturi yetu ambayo lazima niieleze. Mtu akienda kwenye jambo kubwa, safari, harusi, baraza, ndugu yake humpaka samli. Humpaka kwenye paji la uso, na kama amebeba chombo cha kazi, mkuki au jembe, humpakia nacho. Ni baraka. Kuikataa samli ya ndugu ni kumwambia mbele za watu: wewe ni mchawi, mkono wako una kitu. Hakuna neno baya zaidi, na ukilisema lazima ulithibitishe. Zeze nalo hupakwa, lakini hupakwa kibuyu, mgongoni, kidole kimoja tu. Nyuzi haziguswi. Uzi ukipata mafuta uta unateleza, utomvu tunaoupaka uta haushiki, na kano inayafyonza mafuta mpaka ndani. Akina mama hawalijui hilo, ndiyo maana mjomba mwenyewe alikuwa akikinga nyuzi kwa kiganja wakati wa kupakwa. Sisi tulilijua tangu tunafundishwa.

Binamu yangu akajitokeza na kibuyu kidogo cha samli. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Leo mmoja wetu atachaguliwa. Mimi sina kinyongo. Nambariki ndugu yangu kabla sijapiga mimi."

Watu wakafurahi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasema, "Hawa wamelelewa!"

Akanipaka pajini. Akapaka kibuyu cha zeze. Nikaweka kiganja changu juu ya nyuzi kama mjomba. Akakishika kile kiganja kwa upole, kama mtu anayeshikana mkono na nduguye, akakiondoa, na mkono wake wa kulia umejaa samli akaupitisha juu ya nyuzi zote mbili, kutoka juu hadi chini, na kurudi. Halafu akaufuta mkono kwenye uta wangu. Wakati wote ananitazama machoni na anatabasamu.

"Ubarikiwe, ndugu yangu," alisema.

Ningesema nini? Askari wapo, akida yupo, watu wanashangilia. Nikasema, "Amina," neno la wamisheni, kwa sababu jingine halikunijia.

Alipiga yeye kwanza. Alipiga vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alipiga kwa nyuzi zangu.

Huku nyuma mimi nilikuwa nimechota jivu kwenye mafiga nikasugua nyuzi. Nikasugua kwa unga. Nikasugua kwa mchanga. Jivu na samli vikawa ugali mweusi. Nikatia utomvu juu ya uta, ukavingirika kama kinyesi cha mbuzi. Nikaitwa.

Niliposhusha uta, uliteleza kama mguu juu ya mlenda. Sauti haikutoka. Nikakandamiza, ikatoka sauti ya mlango. Nikakandamiza zaidi. Mwanamke mmoja, mtani wa ukoo wetu, akapaza sauti: "Zeze limeshiba! Mnalipa samli nyingi, litaimba saa ngapi?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mwenzake akamjibu, "Liacheni lipumzike, linaota!" Akida alicheka bila kujua anachekea nini. Niliutupa uta nikaanza kudonoa nyuzi kwa kidole na kuimba kwa nguvu, na sauti ya koo ninayo mpaka leo, lakini jumbe akainua mkono.

"Nimeita zeze," alisema. "Kuimba hata mchunga mbuzi anaimba."

"Jumbe, nyuzi zimepakwa mafuta. Nipe mpaka kesho."

"Nani amezipaka?"

Nilimtazama binamu yangu. Naye alinitazama mimi, ametulia kabisa, kibuyu cha samli bado kiko mkononi. Kila mtu alikuwa ameona alichofanya, na kila mtu alikuwa ameona baraka. Kama ningesema "amenifanyia makusudi," ningeulizwa: unasema ndugu yako ni mchawi? Na jambo hilo lingeingia kwa akida, na kwa akida lingetoka na kiboko, kwangu au kwake au kwetu sote.

"Nimebarikiwa," nikasema.

"Basi kabarikiwe reli," akasema akida, na hiyo ndiyo ikawa hukumu. Hata nyumbani sikurudi. Askari mmoja alinisogeza kwa kitako cha bunduki hadi walipokaa wenzangu waliokwisha tajwa. Mama aliniletea kibuyu cha maji na unga kidogo. Hakulia. Alinifunga kitambaa kiunoni kama nilipokuwa mdogo, akasema niangalie miguu. Zeze nikaenda nalo, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuninyang'anya.

Nilikaa huko misimu miwili ya mvua. Nilibeba udongo, nilivunja kokoto, nilipigwa. Tulikuwa watu wa kila kabila. Mnyamwezi mmoja aliyelala karibu nami aliona zeze langu halina sauti akaniuliza, "Mtani, hicho unachobeba ni mtoto au mzigo?" Yeye ndiye aliyenionyesha nyuzi za chuma. Si waya wa simu. Aliyegusa waya wa simu alikula kiboko mpaka akasahau jina lake. Ilikuwa kamba ya chuma iliyokatika na kutupwa, ukiifumua unapata nyuzi nyembamba. Nikafunga mbili. Sauti ikawa kali, ya kukata, mjomba angeziba masikio. Lakini kambi nzima iliisikia. Nikaanza kupiga siku za mapumziko, watu wakanipa chakula, na chakula hicho ndicho kilichonirudisha nikiwa hai. Chuma nacho kinachoka, msidanganyike. Kinashika kutu kwa jasho la kidole, na kikichoka hakilegei, kinakatika na kukuchana. Nilijifunza kukibadili kwa kusikiliza, si kwa kungoja. Hayo hakunifundisha mjomba wala mtu mwingine.

Nilipoachiwa nilitembea moja kwa moja hadi nyumbani. Tembe letu lilikuwa limeanguka. Dari la udongo limeshuka ndani, boriti zimechomoza nje, na majani yameota pale mama alipokuwa akisagia. Nilidhani amekufa. Jirani akanionyesha kwa kidevu: yuko kule.

Kule ni kwa binamu yangu. Nilimkuta mama uani, amempakata mtoto wa yule bwana, anamlisha uji. Alikuwa amenenepa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwona: alikuwa na afya kuliko nilivyomwacha. Tuliongea Kigogo, naweka kwa Kiswahili ili na wengine waelewe.

"Mwanangu," alisema. "Umekula?"

"Mama, inuka twende nyumbani."

"Nyumbani wapi? Umepita, umeona."

"Nitajenga."

"Jenga. Ukimaliza uniite. Lakini keti kwanza ule."

"Sili chakula cha mtu huyu. Unajua alichonifanyia?"

Alimfuta mtoto mdomo. Akamweka chini polepole, akamwambia akacheze.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimesimama na wanawake. Niliuona mkono wake. Mimi ni dada wa baba yake, nimekulia nyumba ya zeze. Unadhani sijui nyuzi hazipakwi?"

Nikamuuliza, "Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ingekuwa kesi. Akida angewachukua wote wawili, amalize kelele. Nani angelima? Mmoja alikuwa lazima abaki. Kama amebaki yeye au wewe, mimi ningekula. Nilihesabu hivyo, na nimekula. Alinilimia tangu mvua ya kwanza, hata kabla ya kulima kwake. Mtukane ukitaka, lakini usimtukanie hapa."

"Na mimi, mama? Hesabu yako ilinihesabu?"

"Wewe ulikuwa na nguvu," alisema. "Nilijua utarudi."

Aliniletea ugali wa uwele na mlenda. Nilikula. Mtu ametembea kutoka relini, mama yake ameweka chakula mbele yake, afanye nini? Nilikula chote, na kilikuwa kitamu, na kila tonge lilishuka kama kokoto. Nilipomaliza nilivuta zeze langu nimpigie, ajue kwamba huko nilikokuwa sikuwa mnyama. Alinishika mkono kabla sijaweka uta.

"Usipige hapa. Watasema umekuja kumtoa. Jumbe akisikia sauti ya chuma hicho atakutaka wewe, atamfukuza mwenzio, nami nitakwenda wapi?"

Nikaliweka chini. Hakupata kunisikia nikipiga nyuzi za chuma, wala hakuniomba. Kwa jumbe sikwenda. Binamu yangu sikumngojea.

Nilihamia huku Miyuji, nikafyeka pori, nikalima, nikapiga zeze kwa yeyote aliyenilisha, nikajenga. Nilipomaliza kujenga nilimwita mama kama alivyosema. Alituma jibu kwamba amezoea, na mtoto anamlilia. Basi kila mwaka uliokuwa na mavuno nilimpelekea mzigo wa uwele, nikiubeba mwenyewe kichwani, nikiuweka mlangoni na kumsalimu na kuondoka. Aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa akiumimina katika kilindo kile kile cha kuwekea nafaka cha binamu yangu, juu ya uwele wake, na kuuchanganya kwa mkono, mpaka mtu asiweze kujua ni upi wa nani. Aliendelea hivyo mpaka alipokufa.